Kichupa cha Kumi na Saba

Makala sitini na moja za Dakta Zamoyoni zilijaa rafu nzima, na karibu zote zilitokana na damu ya mtoto mmoja, aliyezaliwa na jeni ya kinga yenye kasoro, akafa kwa mafua tu. Ndani ya makala aliitwa Kumi na Saba.

Leo mama yake, Bi Nyamizi, alikuja maabara na kipande cha sanda.

"Nilimzika pungufu, Dakta. Nipe damu yake nikamkamilishe."

"Miaka ishirini na miwili, mama. Kwa nini sasa?"

"Nimesikia unastaafu. Ukiondoka, hapa nitamuuliza nani?"

Dakta alifungua friji, akatoa kichupa kilichoganda barafu pande zote. Tone la mwisho alilitumia mwaka jana, katika makala ya sitini na moja. Lakini desturi ya maabara ni kwamba kichupa kikiisha hurudishwa mahali pake, ili namba zisivurugike.

Bi Nyamizi alikipokea kwa mikono miwili.

"Humu mlikuwa mnamwitaje?"

Dakta alilitafuta jina, akalikosa. "Kumi na Saba."

"Anaitwa Kalunde," mama alisema taratibu, kama anayemsaidia mgeni. "Maskini, baridi yote hii."

Akakikumbatia kichupa viganjani, akaanza kukipulizia pumzi. Dakta aliufunga mlango wa friji. Barafu ilikuwa imeanza kuyeyuka, na upande mmoja kioo kilishaonekana.