Mguu na Jiwe la Makobola

Bernardine aliketi mbele ya mtumbwi, mguu ameunyosha kulielekea jiwe la kutia nanga la Makobola, kwa kuwa ndiyo desturi: aketiye mbele huuzuia mtumbwi usigonge.

"Kaza goti, Mama Fizike," mjomba wake akamtania kutoka nyuma. "Ao masomo imekulegeza?"

Asubuhi aliuzuia bila taabu. Shuleni alifundishwa kwamba kiasi cha mwendo wa kitu ni kilo zake mara kasi yake. Mtumbwi mtupu: kilo mia nne, nusu mita kwa sekunde. Mia mbili.

Sasa ulikwenda polepole vilevile, lakini pamoja na mifuko ya simenti waliyoipakia mchana ulifikia kilo elfu mbili. Elfu moja, basi; mara tano ya asubuhi, na goti ni lile lile.

"Minye natosha mguu, mjomba."

"Weye, acha mchezo."

Aliutoa mguu, akauvuta ndani, akalisukumiza gunia la makala, makaa ya kupikia ya mama yake yaliyokuwa kando yake, kati ya ubao wa mtumbwi na jiwe. Mtumbwi ukafika, taratibu kabisa, ukazidi kuja.

Gunia lilipofunguliwa, makala yalikuwa unga mweusi. Mjomba aliutazama unga ule, kisha mguu wa Bernardine, aliyekuwa akichezesha vidole, kimoja kimoja.