Sentensi ya Lisensiado Osmín

Lisensiado Osmín Baquedano aliichana karatasi ya Doña Tiburcia vipande vinne mbele ya darasa zima.

"Rosquilla! Nani amekuuliza habari za rosquilla?"

"Ndizo ninazozijua, Ticha," yule mama alijibu. "Biskuti za siagi anazooka dada yangu hazina mfano hapa Choluteca. Nikaona nizipendekeze."

Darasa likaangua kicheko. Osmín hakucheka. Kuitwa Ticha, kama mwalimu yeyote wa Kiingereza, kulimuuma kama jino. Yeye alikuwa na shahada, na shahada yenyewe ilining'inia ukutani ndani ya fremu ya plastiki iliyopakwa dhahabu, ili asiwepo wa kusema hakuiona.

"Lisensiado," alimsahihisha. "Na sentensi iko ubaoni. Nakili. Usiongeze, usipunguze, wala usituletee mapishi ya ukoo wenu."

Wiki nzima walikuwa kwenye kitenzi kimoja tu, *recommend*, na sababu kila mtu aliijua. Shule ile ya jioni ilikuwa na walimu wawili wa Kiingereza, Osmín na Nolvia Zúniga, na ilitaka mkuu wa masomo. Don Heriberto, mwenye shule, hakupenda lawama. Alitangaza kuwa Ijumaa kila mwanafunzi ataandika sentensi moja kwa kitenzi hicho, ampendekeze mwalimu anayemtaka na aseme sababu. Sentensi yenye kosa haitahesabiwa. Mwalimu atakayekutwa akijipigia debe darasani atakuwa amejitoa mwenyewe. Mshindi atapata ofisi yenye kiyoyozi, na kwa joto la Choluteca hilo si jambo dogo. Atakayeshindwa atafundisha watoto wa Jumamosi.

Nolvia alikuwa na wanafunzi kumi na tisa. Osmín alikuwa na ishirini na wanne. Kwa hiyo adui yake hakuwa Nolvia, maskini, bali makosa.

Alhamisi Don Heriberto alipita kwenye korido, akasimama mlangoni kusoma ubao: *Ninampendekeza Ticha Nolvia Zúniga kwa sababu ana subira.*

"Huo ndio uungwana, Lisensiado," alisema. "Kumsifu mwenzako wiki kama hii!"

"Ah, mfano tu, Don Heriberto." Osmín akainamisha macho kama mwali.

Mwenye shule alipokwisha kuondoka, Osmín aliguna. Subira! Mwanamke anayefundisha Kiingereza kwa nyimbo na makofi! Lakini ujanja ulikuwa umefaulu, na mwenye akili angeelewa kwamba Ijumaa jina ni la kubadilisha. Akagonga ubao kwa rula.

"Tena! Wote!"

Wakasoma wote. Mara thelathini, mara arobaini. Mwanafunzi mmoja, kinyozi wa sokoni, alijaribu kuuliza kitu, akaambiwa maswali ni ya watu wanaojua sentensi. Mwisho wa kipindi hata waliolala macho wazi waliandika bila kukosea herufi. Ila Doña Tiburcia. Yeye alikuwa bado anapigana na neno la tatu.

Osmín alimfuata hadi kwenye dawati lake.

"Mama, kesho usije. Pumzika."

"Siwezi, Lisensiado. Nina mjukuu Houston, hajui hata neno moja la lugha yetu. Nikikosa siku nitachelewa kuongea naye."

"Umeshachelewa," alisema Osmín, akafuta ubao.

Safari hii darasa halikucheka.

Ijumaa Doña Tiburcia alikuja. Alivaa gauni la kanisani na alibeba mfuko wa rosquilla, akampa kila mtu moja kabla ya kuingia kuandika. Osmín alikataa yake.

Walimu wawili waliachwa uani. Nolvia alikuwa akitafuna kucha. Osmín alikaa amekunja nne, mkoba mapajani, na ndani ya mkoba, kimefungwa kwenye gazeti, kibao cha mlango wa ofisi chenye jina lake. Fundi alikuwa amekichonga tangu Jumanne.

"Usijali, Nolvia," alimwambia. "Watoto wa Jumamosi ni watamu. Nao wanapenda sana nyimbo."

Nolvia akahamia kucha nyingine.

Don Heriberto alitoka na mafungu mawili ya karatasi, wanafunzi wakimfuata nyuma. Alianza na la Nolvia. Kumi na sita safi, tatu zina makosa. Zote zilimtaja Nolvia. Osmín akatabasamu. Hata ukimtoa Doña Tiburcia, yeye alikuwa na ishirini na tatu.

"Sasa la Lisensiado," alisema Don Heriberto, akiipangusa miwani. "Nimelipitia mara mbili nisiamini macho yangu. Miaka kumi na mbili nina shule hii, sijaona darasa lililofunzwa namna hii. Ishirini na tatu bila kosa, hata la nukta."

Osmín alisimama. Alifungua mkoba, akaanza kulivua gazeti taratibu.

Don Heriberto akasoma ya kwanza kwa sauti:

"Ninampendekeza Ticha Nolvia Zúniga kwa sababu ana subira."

Akasoma ya pili. Akasoma ya tatu. Akaendelea, neno kwa neno, bila kuongeza wala kupunguza, mpaka ya ishirini na tatu.

Ilibaki moja, ina madoa ya siagi.

"Mimi pendekeza Lisensiado Osmín," alisoma polepole. "Yeye kali, lakini siku zote yeye kuja."

Don Heriberto akatikisa kichwa, akaiweka pamoja na zile zenye makosa.