Nati ya Waya Mweusi

"Inua!" Gitau alipaza sauti kutoka mbele ya lori.

Waringa, aliyeketi kwenye kiti cha dereva, akabonyeza kitufe. Tak. Plau, lile bapa la chuma la kusukumia theluji, halikunyanyuka hata kidole.

"Teremsha! Kushoto!"

Tak. Tak.

Hivi ndivyo walivyotafuta hitilafu tangu wanunue lori: mke anabonyeza, mume anainama kwenye pampu kusikiliza. Miaka minne ya kubonyeza ilimfunza Waringa mengi. Alijua kwamba nati ya waya mweusi pale kwenye pampu ikilegezwa mizunguko miwili, swichi italia tak lakini mota haitazunguka. Aliilegeza mwenyewe asubuhi hiyo, Gitau akioga.

Leo huendi kwa huyo mwanamke. Leo utakaa na mkeo.

Ilikuwa siku ya pili ya theluji, na magari yote ya Hyattsville, mji wao huu wa Amerika, yamegeuka vichuguu vyeupe. Gitau alikuwa na wateja wengi wa kusafishiwa njia za kuingizia magari, lakini msimu huu aliyetangulizwa, hata kabla ya kanisa lao, alikuwa Anysie, Mrundi wa mji jirani wa Takoma Park asiye na mume. Njia ya nini, na hata gari hana? Tena wiki iliyopita Waringa alifungua friza akakuta pakiti mbili za njahi, yale maharagwe meusi, hazipo. Njahi, jamani! Mwanamke wa Kikuyu haelezwi njahi hupikiwa nani. Hupikiwa mwanamke aliyejifungua.

Hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Cheryl, binti yao wa pekee, alihamia Ohio baada ya kugombana na Waringa juu ya mpenzi wake, na tangu hapo simu alizopokea ni za baba tu. Mtoto ameshaenda. Mume naye akienda, Waringa atabaki na nani katika Amerika hii?

Wivu ukiupa kiti, utataka na kitanda.

Gitau akabana klipu ya taa ya kupimia kwenye betri, akagusa pampu. Taa ikawaka. "Umeme unafika," akanung'unika. Akakagua fyuzi: nzima. Akaangalia oili: imejaa. Akaigonga mota kwa nyundo, taratibu, kama anayebisha hodi kwa mgonjwa.

"Kwani leo kuna haraka gani?" Waringa akauliza dirishani. "Kanisa limefungwa. Ingia unywe chai."

"Chai! Mama Cheryl, wewe bonyeza tu."

"Ama kuna mtu anakungoja?"

Gitau akarudia kukagua fyuzi ileile. Nyundo ikamponyoka mara mbili, na si kwa baridi peke yake. Waringa akaona, roho ikamwaka kama jiko lililopulizwa. Miaka ishirini na miwili, na hajawahi kuhangaika hivyo kwa ajili yangu.

"Pengine ni bomba limeziba," akasema kwa sauti ya mke mwema. "Si ulifungue uangalie?"

Akalifungua. Oili yote ikamwagika, nyekundu juu ya theluji. Gitau akashika kichwa, kisha akakimbia kwa miguu kuelekea kituo cha petroli kutafuta nyingine. Koti na simu akaviacha kwenye kiti.

Simu ikalia. Anysie. Waringa akaiacha ilie mpaka ikakatika. Ikalia tena, akaiacha. Mara ya tatu akaipokea, matusi aliyoyaweka tangu Krismasi yamemjaa kinywani.

"Papa!" Anysie akamtangulia, akipiga kelele. "Papa, uko wapi? Ambulansi imekwama huko chini ya mlima, theluji inafika kwenye kiuno! Mtoto anatanguliza miguu, na damu haisimame. Cheryl anasema sasa umwambie mama yake kwamba yuko hapa kwangu."