Hekta wa Kilabu cha Bi Joan

"Na huyo Hekta mwenyewe, yule wa ngano za kale, naye alikuwa akiwapiga wazee?" Bi Joan Pettifer, mwenye kilabu cha pombe, alimwuliza siku moja mpangaji wake.

Bi Margery, mjane aliyekuja London kutoka shamba, hakuinua macho kutoka kwenye soksi aliyokuwa akiifuma. "Hekta alikufa mbele ya ukuta wa mji wake, akimlinda mkewe na mtoto. Hawa wetu wameliokota jina lake kama mwizi anavyookota koti la marehemu."

"Na shughuli iliyokuleta mjini je, imefika wapi?"

"Bado sijampata ninayemtafuta. Nasubiri, na Mungu anajua."

Hao "wetu" walikuwa vijana wenye panga ndefu na akili fupi. Tangu mfalme arudi kutoka uhamishoni wamejiita Mahekta. Ushujaa wao ni kuvunja vioo vya wajane na kuwapiga mitama walinzi wazee. Wakikutana na wanaume wa kweli, mbio! Hata watoto mtaani, mmoja akipokonywa mkate, hulia: "Mama, ananihekta!"

Mchana uleule mkubwa wao aliingia kilabuni, kofia ina unyoya mrefu kuliko mkono wake, akimburura mzee Gosling, fundi viatu, kwa ukosi wa shati.

"Jizee hili limeninyima upande wa ukuta, upande mkavu wa njia!" alinguruma. "Mimi, Kapteni Hekta, nikakanyaga mtaro! Chagua, mzee: upanga kesho uwanjani, au piga magoti sasa ukilambe kiatu changu."

"Bwana, mimi sijashika upanga tangu nizaliwe."

"Jina lako nani?"

"Mche-Mungu Gosling, bwana."

Kapteni alicheka mpaka unyoya ukatikisika. "Mche-Mungu! Walokole hawa! Mama yako alikosa jina la mtu, akakubatiza mahubiri?"

Wenzake wakapiga meza kwa vicheko. Mzee akashika kiti, akashusha goti moja sakafuni.

"Kapteni, mwache, ni babu wa watu huyo," Bi Joan akasihi.

"Nyamaza, mama pombe! Au unataka vioo vyako vilale chini?"

Kule kwenye kona, Bi Margery aliichoma sindano yake kwenye donge la uzi, akainuka.

"Keti, wewe!" Bi Joan akamnong'oneza. "Atakuua!"

Mjane hakuketi. Alimshika mzee kwapani, akamsimamisha, akampangusa vumbi gotini. Kapteni akageuka, mkono tayari kwenye mpini wa upanga. Akamwona uso. Mkono ukabaki palepale.

"Mnyenyekevu," alisema Bi Margery, "mwanangu niliyekubatiza jina hilo mwenyewe, mvulie mzee kofia."

Kapteni Hekta akaivua, akaiacha mezani, akatoka.