Rangi Mbichi

Mtaa ule haukuwa na mbwa hata mmoja, lakini kila geti liliandikwa HATARI kwa mkono wa Machumu, mchora mabango. Watu walitaka neno hilo liwafukuze wachuuzi kwa hofu ya mbwa. Wenyewe walishaacha kulisoma.

Asubuhi hiyo kingo za kisima kilichokuwa uani kwake zilibomoka. Machumu akachukua ubao, akaandika neno lilelile kwa rangi nyekundu, akausimamisha katikati ya njia, kisha akaingia ndani kutafuta kamba ya kuzungushia.

Akasikia kicheko. Alikuwa Bi Tausi, jirani yake, aliyezoea kukatisha uani kuja kuomba kaa la moto.

"Wee Machumu! Hata sisi majirani unatutisha na mbwa?"

"Usipite hapo, Bi Tausi!"

Alitoka mbio, kamba mkononi. Hakumkuta. Ubao ulikuwa umeegemezwa ukutani, taratibu, kwa adabu, na kwenye rangi mbichi palikuwa na alama za vidole vinne. Ukingoni mwa kisima ilibaki ndala moja.

"Bi Tausi!"

Kokoto moja ikaporomoka shimoni. Machumu akasimama na kamba yake, akisikiliza itagonga nini.