Gurudumu Lisilokula

Nguchiro, bingwa wa maneno matamu, alileta sanduku lenye gurudumu dogo lililokuwa likizunguka lenyewe.

"Halili majani, halinywi maji, nguvu zake zinatoka hewani!" akatangaza. "Nipeni ufuta wenu wote niwaundie kubwa, liwakamulie mafuta milele."

Wanyama wakashangilia, eti shida zimekwisha. Wakamgeukia Punda, aliyewazungushia kinu cha mafuta miaka yote, wakamwambia afungashe virago.

"Ngojeni kwanza," akasema Kanga, ambaye hakuwahi kukubali jambo bila kuuliza. "Fungua sanduku tuone."

"Likifunguliwa, dada yangu, nguvu zitatoroka!"

"Haya kaka, tusilifungue. Tule tu."

Akamwaga karanga za kukaanga kando ya sanduku, zingali moto, zikanukia kote. Gurudumu likapunguza mwendo, kisha likasimama kabisa. Kifuniko kikainuka na Panya akatoa kichwa, jasho likimtiririka.

"Nguchiro, ulisema gurudumu ndilo lisilokula," akalalamika. "Mimi je?"

Nguchiro akatimua mbio bila kuaga. Punda alicheka mpaka masikio yakatikisika, kisha akamsogezea Panya karanga.

"Kula, mwenzangu. Kazi hiyo naijua."