Tua Mapema

Gari la wagonjwa liliondoka bila king'ora, taratibu, kama gari ambalo halina tena sababu ya kuwahi. Kutoka juu ya mnara wa kuruka skii wa Storlia, Gunnvor alilifuata kwa macho mpaka likapotelea nyuma ya misonobari. Ndani yake alilazwa Herlof, aliyeruka kabla yake. Upepo ulikuwa umemkamata hewani ukampindua kama karatasi, na sasa watu wenye reki walikuwa wakifukia damu kwa theluji mpya.

"Anayefuata," alisema Arnfinn, mzee aliyesimamia boriti ya kuanzia. Alisema akiitazama redio yake, si uso wa Gunnvor.

Nyuma yao warukaji wengine walijibanza kibandani, kila mmoja na namba yake kifuani. Gunnvor, kama Herlof, alikuwa na herufi. Sindre, mdogo wake wa tumbo moja, ndiye pekee aliyetoka na kumsogelea, skii begani. Alikuwa na miaka kumi na tisa na hii ilikuwa Olimpiki yake ya kwanza.

"Ukivunjika, mkubwa, ile jibini ya kahawia ya mama naimaliza peke yangu."

"Ulishaimaliza jana, mwizi wewe."

Sindre akacheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Bendera zote za mtelemko zilikuwa zikipigana, kila moja ikielekea upande wake.

Mchezo wenyewe ulikuwa hivyo: asubuhi kuruka, mchana kilomita kumi za mbio za skii. Mita za mruko hugeuzwa kuwa sekunde, na aliyeruka mbali huanza mbio mbele ya wenzake. Michezo miwili imefungwa pingu moja. Mwenye mapafu ya farasi huweza kuangushwa na upepo wa nusu dakika, na hakuna wa kumwomba radhi.

Gunnvor aliyaweza yote mawili. Majira yote ya baridi alimshinda Sindre hewani, akamshinda na kwenye theluji, hata siku ambazo yeye mwenyewe ndiye aliyezipaka nta skii za mdogo wake. Miaka kumi na minne aliungoja mnara huu, na leo alikuwa na mruko mmoja tu. Chini walikaa watu elfu ishirini. Alitaka jambo moja: avuke mstari mwekundu, ule unaoonyesha mruko mrefu, mbele ya macho yao, kisha atue kwa miguu yake.

"Tua mapema," Sindre alinong'ona. "Mita tisini tu, uyumbeyumbe kidogo, basi. Kwa upepo huu nani atakulaumu?"

"Unaniomba nini wewe?"

"Unajua ninachokuomba."

Alijua. Aliitazama midomo ya mdogo wake, iliyokuwa imepauka kuliko baridi inavyoweza kupausha midomo. Akamfunga zipu ya kola mpaka kidevuni, kama alivyomfunga kila asubuhi walipokuwa wakienda shule.

"Huna lazima, mwanangu," Arnfinn alisema. "Ngazi ile pale. Ukishuka, hakuna atakayekucheka."

"Na wale waamuzi huko chini?"

"Wale wana saa za televisheni za kuwahi. Mgongo wa kuvunjika hawana."

Gunnvor akaketi kwenye boriti. Taa ikakaa nyekundu muda mrefu mno, kisha ikawa ya njano, kisha ya kijani.

Akajiachia.

Mpaka anakaribia ukingo wa kurukia alikuwa bado hajaamua. Mita tisini, neno hilo lilikuwa linamzunguka kichwani kwa sauti ya Sindre. Lakini miguu yake ilikuwa imengoja miaka kumi na minne, na ukingo ulipofika ilisukuma kwa nguvu zote ilizokuwa nazo.

Upepo ulimgonga palepale ulipomgonga Herlof. Skii ya kushoto ikazama. Mrukaji mwingine yeyote angeinyanyua, na angepinduka. Gunnvor aliiacha izame, akalaza kiwiko hewani, akangoja. Ujanja huo ulimchukua miaka sita kuupata, na Sindre hajawahi kuuweza hata siku ya shwari. Akahesabu moja. Akahesabu mbili. Ule mkono wa upepo ukamwachia, na mwingine ukamdaka kwa chini na kumbeba.

Mstari mwekundu ukapita mbali chini yake. Alitua mita kumi ng'ambo yake, mguu mmoja mbele, mikono imetandazwa, ametulia kama mtu aliyeshuka ngazi moja.

Uwanja ukalipuka. Watu wazima walikumbatiana na wasiowajua. Gunnvor alipandisha miwani yake akawatazama wote, nyuso elfu ishirini zilizomgeukia yeye, na kwa pumzi tatu au nne hakukuwa na mtu mwenye furaha kuliko yeye duniani. Ubao wa alama ulibaki mweusi.

Kisha kipaza sauti kikakohoa.

"Tunamshukuru dada Gunnvor kwa kutupimia mlima. Mchezo huu hauna wanawake, kwa hiyo mruko wake hauhesabiwi, lakini umewaridhisha waamuzi kwamba upepo huu unarukika. Mashindano ya wanaume yanaanza sasa."

Gunnvor aligeuka, akainua mikono yote miwili na kuipunga kuelekea mnarani, akipiga kelele za kumzuia Sindre ambazo hakuna aliyezisikia. Watu wakadhani anawaaga, wakampungia pia. Juu kule Sindre alikuwa ameshaketi kwenye boriti, na taa ilikuwa ya kijani.